Shilingi Inayotangulia Dawa

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo! Sogeeni, watoto wa Maringo na Jericho, wa Buruburu na Umoja, wa Kayole, Dandora na Kariobangi, nanyi wa mbali mnaosoma mkiwa kwenu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina nyanya mmoja, aina mbili za vidonge, na swali ambalo wazazi wengi wa Eastlands, jijini Nairobi, hulizungumza kwa sauti ya chini wakidhani watoto wamelala: pesa za dawa za mwezi huu zitatoka wapi?

Nyanya huyu nimemtunga mimi, lakini kila mmoja wenu anamjua wa kwake. Anaishi Maringo. Saa kumi alfajiri anaukanda unga, na kabla jua halijachomoza yuko kando ya Barabara ya Jogoo, akiwauzia mandazi na chai mafundi, wapiga debe na makondakta wa matatu. Kwanza aligunduliwa kuwa na presha. Miaka michache baadaye daktari akamwambia kwamba ana sukari pia. Tangu hapo anameza kidonge cha presha asubuhi, na cha sukari baada ya kula. Daktari alimwambia, "Shosho, dawa hizi ni za kila siku. Siku ukijisikia mzima, meza. Siku ukijisikia mgonjwa, meza."

Chukueni kalamu tufanye hesabu. Tuseme dawa za nyanya za mwezi mzima zinagharimu shilingi 1,500. Nimechagua nambari hiyo kwa kuwa inagawanyika vizuri; kwenu inaweza kuwa ndogo au kubwa zaidi. Gawanya 1,500 kwa siku 30, unapata shilingi 50 kwa siku. Tuseme tena kwamba nyanya hupata faida ya shilingi 400 siku njema, 250 siku ya kawaida, na mvua ikinyesha asubuhi hapati kitu. Shilingi 50 kwa siku anaziweza. Mbona basi ikifika tarehe 20 pakiti imebaki tupu, na siku zilizotangulia alikuwa akikata kidonge katikati ili dawa zisogee kidogo?

Sababu ni hii, nanyi mkiishika mmeishika hadithi nzima. Pesa za nyanya huja kidogo kidogo, kila siku. Dawa humdai kwa mkupuo mmoja, mara moja kwa mwezi. Zile hamsini za tarehe 3 zilikuwepo, lakini mjukuu alihitaji daftari la shule. Za tarehe 7 zilikuwepo, lakini unga wa ngano ulikuwa umepanda bei. Za tarehe 12 zilikwenda kwenye mchango wa mazishi ya jirani, na nani angekataa? Siku ya kwenda kemisti ilipofika, hamsini zote zilikuwa zimeshapata kazi nyingine. Nyanya hakuzitapanya. Shilingi ambayo haijapewa kazi yake mapema huitikia shida ya kwanza inayobisha mlango.

Labda mtauliza: kwani akiruka siku chache kuna ubaya gani? Angekuwa na malaria, angemeza dawa kwa siku 3, akapona, mambo yakaisha. Presha na sukari haziendi hivyo. Presha ni nguvu ambayo damu inazisukuma kuta za mishipa. Nguvu hiyo ikizidi kwa muda mrefu, huiumiza mishipa ya moyo, ya figo, ya macho na ya ubongo, tena mara nyingi bila kumpa mtu maumivu yoyote ya kumwonya. Bandu bandu huisha gogo. Gogo linapoisha, huwa ni kiharusi, au moyo uliochoka, au figo zinazohitaji mashine ya kusafisha damu. Kidonge cha leo hakiiondoi presha. Kinaishusha kwa leo, na kesho kinahitajika kingine. Kwa hiyo nyanya anayemeza nusu kidonge hajaokoa pesa. Gharama ameitoa kemisti akaipeleka hospitalini, ambako itakuwa kubwa mara nyingi zaidi.

Nyanya hayuko peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 katika kila 4 nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja. Mnamo Septemba 2023 serikali ilianza kuwapa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari, waitumie wakipita nyumba hadi nyumba. Ni jambo jema sana. Lakini kila anayepimwa na kukutwa na ugonjwa anaingia kwenye hesabu ile ile ya nyanya: dawa kila siku, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka.

Hapa msihuzunike. Nataka niwapeleke mbali kidogo, muone gharama hii ilikotoka. Mwaka 1921, huko Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata njia ya kutoa insulini kwenye kongosho la mnyama. Januari 1922 mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa amelala hospitalini karibu na kufa kwa ugonjwa wa sukari, akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwa sindano ya insulini. Kabla ya siku hiyo, mtoto mwenye ugonjwa kama wake hakuwa na matumaini. Leonard aliishi miaka 13 zaidi. Nao wavumbuzi wakakiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya uvumbuzi wao kwa dola 1 kila mmoja, kwa kuwa hawakutaka dawa ile ifungiwe na mtu mmoja kwa faida yake.

Oneni jambo hili. Kabla ya insulini, ugonjwa ule haukuwa na gharama ya miaka na miaka, kwa sababu mgonjwa hakuishi miaka hiyo. Gharama ya kila mwezi ilizaliwa pamoja na uhai. Tukiikumbuka hivyo, hatutaichukia. Tutaipangia.

Na kupanga, watoto wa Eastlands, mnakujua tayari. Maji ya mfereji katika mitaa yenu mingi huja kwa zamu. Siku yanapotiririka mnajaza mitungi, mapipa na ndoo, hata kama siku hiyo hakuna mwenye kiu, kwa kuwa mnajua siku kavu inakuja. Kulipia dawa mapema ni kujaza mtungi siku pesa zinapotiririka. Linalobaki ni kuuliza mtungi huo ni wa nani: wa mtu mmoja, wa majirani, au wa nchi nzima? Kila mmoja una nguvu zake na mwisho wake.

Tuanze na wa mtu mmoja. Nyanya wetu anaelewana na mwenye kemisti anayemwamini. Kila jioni, baada ya kuhesabu mauzo, anamtumia shilingi 50 kwa simu. Mwenye kemisti anaandika kwenye daftari lake, nyanya anabaki na ujumbe wa M-Pesa, na mwezi ukiisha anachukua dawa zake bila kutoa senti nyingine. Katika mpango huu hakuna shilingi iliyoongezeka. Nyanya ni yule yule, bei ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba kila shilingi 50 imepewa kazi yake siku ile ile iliyozaliwa, kabla shida nyingine haijabisha.

Jambo hili lilirahisishwa na M-Pesa, ambayo Safaricom iliianzisha Machi 2007. Kisha mwaka 2016 ikazinduliwa M-TIBA jijini Nairobi, kazi ya pamoja ya Safaricom, kampuni ya CarePay na wakfu wa PharmAccess kutoka Uholanzi. M-TIBA ilianza kama pochi ndani ya simu. Pesa zilizowekwa humo hazikuweza kutolewa ili kununua unga wala kulipa kodi ya nyumba. Zililipia matibabu na dawa tu, katika kliniki na hospitali zilizoingia kwenye mpango. Mwana aliye mbali aliweza kumtumia mamake pesa akijua zitaishia kwenye matibabu. Miaka ilivyosonga, M-TIBA iliingia zaidi katika kazi ya kuendesha mipango ya bima, lakini wazo lake la kwanza linafaa kukumbukwa: pesa ya dawa ilindwe dhidi ya shida nyingine, na hata dhidi ya mwenyewe anapobanwa.

Mtungi wa mtu mmoja una mwisho wake. Unaweza kutoa kile tu ulichotia. Nyanya akianguka na kulazwa, akiba yake ya shilingi 50 kwa siku haitafika hata mlango wa wodi. Mandazi yasipouzwa kwa wiki mbili, hakuna kinachoingia. Akiba inamsaidia mtu kuvuka kutoka siku njema hadi siku mbaya. Haiwezi kumvusha mwaka mbaya.

Ndipo tunafika kwa majirani. Hakuna mtaa wa Eastlands usio na chama. Mnawaona akina mama wakikutana Jumapili alasiri, kiti kimoja kikibeba daftari na sanduku la pesa. Tuseme ni wanachama 20, na kila mmoja anatoa shilingi 100 kwa wiki. Hizo ni shilingi 2,000 kila wiki, na 8,000 kwa wiki 4. Katika chama cha mzunguko, zote anapewa mmoja, kisha mwenzake, hadi zamu iwafikie wote. Mzunguko unanunua masufuria na kulipa karo vizuri sana. Lakini ugonjwa hausubiri zamu. Kwa hiyo vyama vyenye busara huweka sanduku la pili kando, dogo, lenye sheria yake: kila mwanachama anatia kidogo, na hupewa tu aliyeugua, awe amefikiwa na zamu au hajafikiwa.

Hilo sanduku la pili lina akili kubwa ndani yake, na ningependa mlielewe vizuri. Katika watu 20, hakuna ajuaye nani ataugua mwaka huu, lakini ni nadra wote waugue pamoja. Kila mmoja akitoa kidogo, mmoja anaweza kupokea kikubwa. Asiyeugua hakupoteza pesa zake. Alinunua usingizi wa mwaka mzima, akijua kwamba kama zamu ya kuugua ingekuwa yake, wenzake 19 walikuwa wamesimama naye. Hiyo ndiyo bima, hata kama wanachama hawaiiti hivyo.

Mtungi wa majirani nao una mwisho wake, kwa sababu majirani huishi mahali pamoja. Mnakumbuka mafuriko ya Aprili na Mei 2024, Mto Mathare ulipofurika na nyumba zikabomoka. Katika chama ambacho wanachama wote waliishi kando ya mto, siku ile kila mkono ulikuwa unaomba, na hakukuwa na mkono wa kutoa. Pia kuna jambo lisilo na kelele kama mafuriko: wanachama walioanza chama wakiwa vijana huzeeka pamoja. Siku moja, kati ya wanachama 20, wenye presha ni 12, na sanduku lililojengwa kwa dharura ya mmoja linadaiwa dawa za kila mwezi za wengi.

Kwa hiyo tunahitaji mtungi mpana, ambao ndani yake yumo mzee na kijana, mwenye mshahara na muuza mandazi, wa Kayole na wa Kisumu, wa Mombasa na wa Marsabit. Mafuriko yakipiga Mathare, Kisumu inatia. Nyanya akizeeka, kijana aliyeanza kazi juzi anatia.

Kenya ilianza safari hiyo mwaka 1966, ilipoanzisha Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, NHIF. Mwanzoni ilikuwa ya wenye mishahara, kisha ikafungua mlango kwa wengine. Lakini kwa wasiokuwa na bima, nchi imekuwa ikisitasita juu ya swali letu: mgonjwa alipe siku anapougua, au sote tulipe kabla? Mwishoni mwa mwaka 1989 hospitali za serikali zilianza kuwatoza wagonjwa ada. Mwaka 2004 ada katika zahanati na vituo vya afya zikapunguzwa hadi shilingi 10 na 20. Mwaka 2013 zikafutwa katika ngazi hizo mbili. Kila badiliko lilikuwa jibu jipya kwa swali lile lile.

Jibu la sasa linaitwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi. Asiye na mshahara, kama nyanya wetu, huulizwa maswali kuhusu hali ya nyumbani kwake, kisha hupangiwa kiwango, na cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Gawanya 300 kwa siku 30: shilingi 10 kwa siku, bei ya andazi moja. Tatizo ni kwamba asiye na mshahara hutakiwa kulipia mwaka mzima kwa mara moja. Hesabuni: 300 mara 12 ni shilingi 3,600. Mmeliona tatizo letu la zamani likirudi? Pesa zinakuja kwa siku, deni linakuja kwa mkupuo. Serikali nayo iliona, ikaleta mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole, ili mtu alipe mchango wake kidogo kidogo.

Sehemu inayomhusu zaidi mwenye vidonge vya kila siku ni hii. Chini ya SHA kuna Hazina ya Afya ya Msingi, inayojazwa na kodi, na kazi yake ni kulipia huduma za kawaida katika zahanati na vituo vya afya vya daraja la 2 na la 3. Kodi nayo ni kulipa mapema. Nyanya amekuwa akiilipa kila anaponunua mafuta ya kukaangia mandazi. Ili afaidike, anatakiwa awe amejiandikisha. Hahesabiwi kama mtegemezi wa mwanawe, hata kama mwanawe anachangia kila mwezi. Anajiandikisha kwa jina lake. Anaweza kufanya hivyo kwa simu yoyote akibonyeza *147#. Mjukuu anayesoma vizuri anaweza kukaa naye dakika chache wakaimaliza kazi hiyo pamoja.

Tuwatazame na wenzetu wa mbali. Nchini Uingereza, katika sehemu ya England, mtu mzima asiye na msamaha hulipa pauni 9.90 kwa kila dawa iliyoandikwa na daktari. Hiyo ndiyo bei iliyowekwa mwaka 2024. Haijalishi dawa yenyewe ni ya bei gani. Lakini kuna cheti anachoweza kununua mapema, kwa pauni 114.50, kikamlipia dawa zote za mwaka. Tuseme anahitaji dawa 3 kila mwezi. Bila cheti: 3 mara 12 ni 36, na 36 mara 9.90 ni pauni 356.40. Akiwa na cheti ni pauni 114.50 tu. Mwenye kuhitaji dawa 12 au zaidi kwa mwaka anafaidika. Tena si lazima atoe zote siku moja. Anaruhusiwa kulipa kwa mafungu 10, mwezi baada ya mwezi. Wenye sukari wanaotumia dawa, watoto, na waliofika miaka 60 hawalipi kabisa. Wales, Ireland Kaskazini na Scotland zilikwenda mbali zaidi zikafuta ada hiyo kwa wote, ya mwisho ikiwa Scotland mwaka 2011. Nchi tajiri nazo zinahesabu kama nyanya anavyohesabu. Zimeweka tu hesabu hiyo kwenye sheria.

Sasa, msimulizi anayewapenda hawezi kuwaficha jambo gumu. Mtu anaweza kulipa mapema, akajiandikisha, akapanga foleni tangu alfajiri, kisha akaambiwa dirishani: dawa imeisha, kanunue nje. Hapo nyanya hulipa mara mbili. Kwa hiyo kukusanya pesa mapema ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha pesa hizo zinageuka vidonge kwenye rafu.

Hilo nalo lina historia. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, Mali, wakakubaliana juu ya njia moja: jamii ianze na akiba ya dawa, iziuze kwa bei nafuu, na pesa zinazopatikana zinunue dawa nyingine, zizunguke hivyo bila kukatika. Magharibi mwa Kenya, mpango wa AMPATH wenye makao Eldoret ulilifufua wazo hilo mwaka 2011, ukianzia Webuye. Waliweka duka la dawa la akiba kando ya duka la hospitali ya serikali. Dawa ikiisha upande mmoja, mgonjwa anaipata upande wa pili kwa bei ndogo, na bei hiyo ndogo inanunua pakiti inayofuata.

Funzo lingine lilikuja mwaka 2015, kampuni ya Novartis ilipoanza Kenya mpango wake wa kuuza dawa 15 za magonjwa sugu kwa dola 1 kwa matibabu ya mwezi, ikiziuzia serikali na mashirika yasiyo ya faida. Watafiti walifuatilia kaunti 8. Baada ya mwaka wa kwanza hawakuona tofauti kubwa katika dawa zilizokuwa majumbani mwa wagonjwa. Bei ilikuwa imeshuka huko juu, lakini kutoka bohari hadi mezani kwa nyanya kuna ngazi nyingi, na kila ngazi inahitaji mtu anayeangalia.

Basi nyinyi, mnaosoma na kuhesabu vizuri, mnaweza kufanya nini? Mengi. La kwanza ni kalenda. Hesabu vidonge vilivyobaki, andika siku vitakapoisha, kisha weka alama wiki moja kabla ya hapo. Hiyo ndiyo siku ya kwenda kuvitafuta, wakati bado kuna nafasi ya kujaribu dirisha la pili.

La pili ni jina la dawa. Kila dawa ina jina lake lenyewe, kama amlodipini au metformini, na juu yake viwanda huweka majina yao ya biashara. Dawa ile ile inaweza kuuzwa kwa majina kumi na kwa bei kumi. Mfundishe nyanya kumwuliza mfamasia: "Kuna dawa hii hii ya bei nafuu zaidi?" Ni swali la heshima, na mfamasia mzuri hulijibu bila kinyongo. Lakini aulize ndani ya kemisti yenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Asinunue dawa kwa mchuuzi wa barabarani.

La tatu ni ukweli mbele ya daktari. Wazee wengi huona haya kusema pesa hazitoshi. Wanaitikia, wanachukua karatasi, kisha wananunua nusu. Daktari akijua, anaweza kubadilisha dawa akaandika ya bei nafuu, au kumwelekeza kituo cha afya kinachotoa bila malipo. Kupunguza vidonge kimyakimya hakumsaidii yeyote, wala kuazima vya jirani mwenye ugonjwa unaofanana.

La nne ni maswali ya kuuliza kabla ya kutia shilingi katika mpango wowote, uwe wa kemisti, wa chama, wa kampuni au wa serikali. Pesa zetu zinakaa wapi, na nani anazisimamia? Zinalipia dawa zipi, na zipi hazilipii? Nikishindwa kulipa mwezi mmoja, kinatokea nini? Nikihama au nikitaka kuacha, ninarudishiwa? Na risiti iko wapi? Mpango mwaminifu hujibu maswali hayo kwa maneno mepesi, tena kwa maandishi. Unaokasirika ukiulizwa, uacheni.

Na la mwisho ni lenu mtakapokua. Baadhi yenu mtakuwa wafamasia, wengine wahasibu wa chama, wengine madereva wa malori ya dawa, wengine wabunge mtakaopiga kura juu ya mchango wa SHA. Kila mmoja atashika ngazi moja kati ya zile zinazotoka kwenye shilingi ya nyanya hadi kwenye kidonge chake. Ishikeni vizuri. Kwa sasa anzeni na hesabu ya nyumbani. Leo jioni mwulizeni mzee anayemeza dawa kila siku, kwa adabu, dawa zake za mwezi ni shilingi ngapi. Gawanyeni kwa 30. Kisha kaeni naye mtafute, kati ya mitungi ile mitatu, ni upi anaoweza kuanza kuujaza kesho asubuhi, mauzo ya kwanza yanapoingia.